Kufuli Jipya la Ukumbi wa Mtaa

Mradi wa vijana ule wa Eastlands, jijini Nairobi, ambao msimu huu umezungumzwa katika kila kibanda cha chai kuanzia Shauri Moyo hadi Jericho, hauna haja ya kusimuliwa tena tangu mwanzo, kwa kuwa wengi wa wasomaji wa safu hii walikuwapo, na wasiokuwapo wamekwisha kuyapata mambo kutoka kwa waliokuwapo. Paa la ukumbi lilitengenezwa vizuri, hesabu za fedha zilibandikwa ukutani kila mwezi bila kufichwa, na ligi ya watoto wa chini ya miaka 14 ilikwenda kwa ratiba yake pasipo mechi kuahirishwa ovyo. Hayo ni mema, na walioyatenda wanastahili shukrani. Lakini usiku ule kamati ya wazee ilipokata shauri kuwanyang'anya vijana funguo za ukumbi, ikabadili kufuli, na ikamkabidhi ufunguo mpya bawabu wa kukodiwa asiyemjua hata mtoto mmoja wa mtaa, ilitenda kosa ambalo mema yote hayo hayatoshi kulifidia, na ni juu ya kosa hilo nitakapokawia leo.

Natuutazame kwanza utaratibu ulivyokuwa kabla haujavunjwa. Tangu ukumbi ulipofunguliwa, funguo zilikuwa mikononi mwa baraza la vijana waliochaguliwa na wenzao, wawili kwa kila zamu, na kando ya mlango, juu ya msumari, lilitundikwa daftari ambalo kurasa zake zilipigwa mistari kwa rula: jina la mshika zamu, saa ya kufungua, saa ya kufunga, hesabu ya mipira, hesabu ya viti, hali ya spika, na mwisho sahihi ya anayeipokea zamu. Hati zake hazikuwa nzuri zote, na mahali pengine Kiswahili kilichanganyika na Sheng, lakini haukupita usiku mmoja bila mstari wake. Katika miradi mingi niliyoitembelea, daftari la namna hiyo hujazwa siku mgeni anapotarajiwa. Hili lilijazwa kwa sababu kijana aliyekuwa akiipokea zamu alikataa kutia sahihi mpaka mipira ihesabiwe mbele yake. Hayo ndiyo mafunzo ya uongozi, na yalikuwa yakitolewa kila jioni bila mwezeshaji wala ukumbi wa hoteli.

Kisha spika mbili zikapotea. Hasara ilikuwa ya kweli, nami sina nia ya kuipunguza, maana vyombo vile vilinunuliwa kwa michango, na jamii iliyochanga ina haki ya kuuliza vilikokwenda. Lakini mtu yeyote mwenye insafu angaliuanzia uchunguzi wake msumarini, kwenye daftari, na hapo angaliona mstari uliokuwa wazi kwa kila ajuaye kusoma: kwamba spika zilitoka ukumbini kwa idhini ya mmoja wa wanakamati mwenyewe, zikapelekwa kwenye mkutano wa harambee ya mazishi katika ploti ya jirani, na kwamba safu ya marejesho ilibaki tupu. Majina ya washika zamu wawili yalikuwapo, jina la mwenye kuazima lilikuwapo, tarehe ilikuwapo. Kamati iliketi sebuleni kwa mwenyekiti usiku huohuo, haikumwita kijana hata mmoja, haikuliagiza daftari, na kulipopambazuka fundi alikuwa mlangoni na msumeno wake akilikata kufuli la zamani.

Walioshuhudia wanakumbuka maneno yaliyopita hapo. Msichana aliyekuwa na zamu ya asubuhi alifika na ufunguo wake mkononi, akakuta kufuli jipya, akamwendea mwenyekiti kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Hata kutuuliza?"

"Marahaba. Kijana, kamati imeshaamua."

"Basi daftari, mzee, mmeliona?"

Swali hilo halikujibiwa, na mpaka ninapoandika haya halijajibiwa. Ningeombwa nitaje mahali mradi uliposhindwa, ningelitaja hilo swali, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho mradi ulidai kukifundisha: kuheshimu mkubwa, kushika kumbukumbu, na kudai ushahidi kabla ya hukumu. Binti yule alikuwa amehitimu, na siku ya kuhitimu kwake ndiyo siku aliyofukuzwa.

Katika uamuzi huo mna makosa matatu yaliyopandana, na inafaa tuyatenganishe. Kosa la kwanza ni la mpangilio: hukumu ilitangulia mashauri, na hukumu ikitangulia, mashauri yanayofuata huwa ni ya kuihalalisha tu. La pili ni la mizani: dhambi ya wachache, kama ilikuwapo, ilitwikwa wote, hata wale ambao jina lao halikuwamo katika zamu za juma lile, na kijana wa mtaa wa nyumba za halmashauri, ambaye aghalabu askari humsimamisha njiani kwa sababu ya anwani yake tu, anaijua hukumu ya namna hiyo na kuichukia kuliko umaskini wenyewe. La tatu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni la tiba. Lau vijana wale walikuwa wazembe katika kutunza amana, dawa yake ni kuwazidishia amana hiyo pamoja na masharti yake, wakae watafute, walipe, wasimamiane. Kwani hakuna aliyepata kujifunza kutunza kitu kwa kuondolewa kitu cha kutunza.

Matokeo yalionekana kabla juma halijaisha. Bawabu aliajiriwa kwa saa za mchana, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa hiyo ukumbi ukawa wazi wakati wakubwa wapo kazini Gikomba, kwenye matatu na katika ujenzi, na watoto wapo shuleni, ukawa umefungwa saa zilezile ambazo mtaa unahitaji mahali pa kukaa. Wale wa miaka 17 hadi 24, ambao kwa ajili yao hasa fedha ziliombwa, walirudi maskani pao chini ya nguzo ya taa, na wala si kwa hasira tu, bali kwa sababu hapakuwa na kwingine. Alasiri mbili za wasichana, zilizopatikana kwa jasho na kwa kuwabembeleza akina mama nyumba kwa nyumba, zilikufa kimya: wazazi walikuwa wamewaruhusu mabinti kwa kuwa mshika ufunguo alikuwa binti wa jirani wanayemfahamu, wala hawakuwa radhi kuwaacha na mwanamume mgeni mlangoni. Fauka ya hayo, mshahara wa bawabu ulitolewa katika fungu la mafunzo ya waamuzi, hata ligi ya watoto, ambayo nimeisifu, sasa inaamuliwa na yeyote aliyejitokeza na filimbi.

Wako watakaoniambia kwamba kamati haikuwa na njia nyingine, na kwamba mambo ya vijana wa mitaa ya jiji hayaendeshwi kwa hisani. Jawabu langu si la nadharia, kwani njia nyingine ilipitwa karibu na hapo na ikafika mbali. Mwaka 1987, Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za mazingira jijini Nairobi, alipowaona watoto wa Mathare wakicheza mpira wa karatasi na matambara kati ya majaa ya taka, alifunga nao mapatano ambayo wapenzi wa mpira wa Kenya wanayajua kwa moyo: mkifanya jambo, nami nitafanya jambo. Chama cha michezo cha vijana kilichozaliwa hapo, MYSA, kilikuwa na kanuni ambayo mpaka leo sijaiona iliyoizidi kwa akili katika kazi hii, nayo ni kwamba timu ilipata pointi 3 kwa ushindi uwanjani na pointi 6 kwa kazi ya usafi iliyokamilishwa mtaani, hivyo kwamba timu dhaifu ya miguu lakini yenye ghera ya kuzoa taka iliweza kuipita timu yenye mafundi wa chenga. Wasichana waliingia mwaka 1992, na mwaka huohuo chama kikapewa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa, Global 500. Mathare United, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilitwaa Moi Golden Cup mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008, na katika muda huo wote waliokuwa wakipanga ratiba, kugawa viwanja na kuketi katika mabaraza ya kanda walikuwa vijana waliochaguliwa, wengi wao hawajafika umri wa kupiga kura ya taifa.

Tazama sasa namna chama hicho kilivyoadhibu. Mchezaji asiyekuwa nahodha aliyemjibu mwamuzi kwa ukali hakufukuzwa akaenda zake. Alisimamishwa mpaka atakapokuwa ameamua mechi za watoto wadogo, apate kuonja mwenyewe uzito wa filimbi anayoidharau. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mlezi na bawabu. Adhabu ya MYSA ilimwongezea mkosaji wajibu, ikamrudisha ndani ya nyumba akiwa na kazi zaidi ya aliyoondoka nayo, ilhali adhabu ya kamati yetu ilimwondolea wajibu na kumwacha nje akiwa hana la kupoteza. Seuze mwaka 1997, Lana Wong na Francis Kimani walipowapa vijana wa Mathare kamera rahisi za plastiki, waende nazo nyumbani na kupiga picha za maisha yao wenyewe. Kazi ile, iliyotoka kama kitabu cha Shootback mwaka 1999, isingalikuwapo kama pangaliketi kamati ya kuogopa kamera kuibwa. Waliowapa walijua hatari, na walijua pia kwamba amana isiyo na hatari si amana.

Tukirudi nyuma zaidi, twende hatua chache tu kutoka Pumwani, tutamkuta Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakianzisha Starehe mwezi Novemba 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, wakiwapokea wavulana ambao hali ya hatari ya miaka ile ya Mau Mau iliwaacha bila baba wala mahali pa kulala. Watoto hao, kwa kipimo cha kamati zetu za leo, wasingalikabidhiwa hata kijiko. Starehe iliwapa madaraka makubwa: viranja waliendesha shughuli za kila siku, na kila juma palikuwa na baraza ambalo mvulana wa kidato cha chini kabisa aliweza kusimama na kumwambia mkurugenzi mbele ya wote kwamba jambo fulani si la haki, naye mkurugenzi akawajibika kujibu papo hapo. Laiti mwenyekiti wetu angaliketi katika baraza moja tu la namna hiyo, asingalimwacha binti wa watu mlangoni na swali lake.

Na asiyeridhika na mifano ya nyumbani aende Tottenham, kaskazini mwa London, kwenye mtaa wa maghorofa wa Broadwater Farm, ulioanza kujengwa mwaka 1967 na kubeba nyumba zipatazo 1,000. Mwaka 1981 palikuwa na duka tupu la samaki na viazi, na palikuwa na rai kwamba lifanywe kituo cha polisi; mama mmoja mzaliwa wa Jamaika, Dolly Kiffin, alisimama na vijana wakalidai duka lile liwe lao, wakaanzisha humo jumuiya ya vijana, na miongoni mwa kazi za kwanza walizozifanya ilikuwa kuwapikia chakula wazee wa mtaa, wale wale waliokuwa wakiwaogopa. Najua litakalosemwa: kwamba Oktoba 1985 mtaa huo uliwaka ghasia, na askari Keith Blakelock akauawa humo. Ni kweli, na ni msiba. Lakini ghasia zile zilifuata kifo cha Cynthia Jarrett, aliyeanguka polisi walipokuwa wakiipekua nyumba yake, wala hazikutoka katika jiko la vijana. Na anayeutumia usiku mmoja wa moto kuifuta miaka minne ya kazi hufanya kosa lile lile la kamati yetu, la kuhukumu wote bila kulifungua daftari.

Hapa inanibidi niliseme tena jambo ambalo wasomaji wa safu hii wamelizoea kutoka kwangu, na nitaendelea kulisema madhali linaendelea kutendeka. Miradi ya siku hizi imejifunza kumtumikia mgeni kabla ya mwenyeji. Fulana zenye nembo huchapishwa kabla ya mpira kununuliwa. Semina za uongozi hufanyika hotelini katikati ya jiji, ambako posho hugawiwa na kijana akarudi mtaani bila kuongoza chochote. Uwanja huwekewa nyasi bandia, kisha ukatiwa lango na ada, na watoto waliouchezea tangu ulipokuwa vumbi wakabaki kuuchungulia kupitia wavu. Viwanja vya wazi vya Eastlands vilivyomezwa na wanyakuzi wa ardhi vilikwenda kwa urahisi kwa sababu hapakuwa na kijana mwenye hati, mwenye cheo, wala mwenye ufunguo wa kusimama mlangoni na kusema hiki ni changu. Kamati ya ukumbi ule ilibadili kufuli siku chache tu kabla ya ziara ya mfadhili, na sioni sababu ya kudhani kwamba mambo hayo mawili hayakujuana. Ilitaka aone ulinzi, naye akauona, akapiga picha, akaondoka.

Hata hivyo, hofu ya kamati si ya kupuuzwa kabisa. Mali ya umma katika mtaa maskini hutamaniwa, na wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja; mwanakamati aliyechangisha shilingi kwa shilingi ana haki ya kukosa usingizi. Lakini bawabu wa kukodiwa anailinda mali kwa mshahara, na mshahara wake ukichelewa ulinzi wake huchelewa pia, ilhali kijana aliyechaguliwa na wenzake anailinda kwa jina lake, mbele ya watu atakaokutana nao bombani kesho asubuhi. Kama mlinzi wa usiku alihitajika, angaliwekwa kwenye ua wa nje, ufunguo wa mlango ukabaki kwa wenye zamu. Na kama daftari lilikuwa na udhaifu, na kwa kweli lilikuwa nao, udhaifu wenyewe ni kwamba halikuwa na kanuni inayomfunga mtu mzima: kijana hakuweza kumkatalia mwanakamati aliyekuja kuazima spika bila kuonekana hana adabu. Mlango wa hasara ulikuwa huo, na kufuli jipya halikuufunga, kwa kuwa mwanakamati yule hana haja tena ya kumwomba kijana, anamwamuru bawabu.

Kinachotakiwa sasa kinajulikana, na hakihitaji mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Kamati iliite baraza la vijana, daftari lifunguliwe mbele ya wote ukurasa wa tarehe ile, na mwanakamati aliyetoa idhini aulizwe hadharani kama washika zamu watakavyoulizwa. Itakapothibitika nani alizembea, alipe kwa kazi: aziandike upya hesabu za vyombo vyote, azisimamie zamu za wadogo mpaka fidia itimie, awe kijana, awe mzee. Iandikwe kanuni kwamba chombo hakitoki ukumbini bila sahihi mbili, moja ya mshika zamu na moja ya mwenye kuazima, na kwamba mshika zamu ana haki ya kukataa, hata anayeomba akiwa mwenyekiti. Fungu la waamuzi lirudishwe. Alasiri za wasichana zirudishwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu imani ya akina mama ndiyo iliyogharimu zaidi kuipata na ndiyo inayokawia zaidi kurudi. Na mfadhili, akija robo ijayo, aulize ni vijana wangapi wamekabidhiwa mali, ni mali gani, na wameihesabiaje, asikubali kupewa fulana badala ya jawabu. Likizo ya Aprili inakuja, shule zitafungwa, na watoto watakuwa mtaani kutwa kucha. Uchaguzi wa baraza jipya ufanyike kabla ya hapo, na watakaochaguliwa wakabidhiwe ukumbi siku hiyohiyo ya kuchaguliwa.